Maiki yenye sikio kisogoni

Mzee alivua hedifoni kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayetua mtungi uliojaa, akaziweka juu ya mkeka. Hakunitazama mimi. Aliitazama maiki iliyosimama kati yetu, akaikagua mbele, kisha akapinda shingo akaikagua nyuma.

"Hiki chombo kinasikia mpaka kisogoni?"

"Ndiyo, mzee. Kinasikia pande zote mbili."

"Aaa."

Akachukua uta wa zeze, akaufuta kwa pindo la shuka, akauchomeka kwenye makuti ya banda. "Leo mkono umechoka, wajukuu zangu. Mtakuja siku nyingine."

Ilikuwa saa tisa alasiri, mwezi wa saba, kijijini upande wa Nanyamba. Alikuwa ametuahidi nyimbo kumi na tulikuwa tumepata nne. Dakika tano tu kabla ya hapo alikuwa anacheka na dogo wangu wa studio, anamtania kwamba vidole vyake vimelaaniwa, vinajua kubonyeza tu.

Tulifungasha. Njia nzima ya kurudi Mtwara, mimi nyuma ya pikipiki na maiki kifuani kama mtoto, sikusema neno.

Wiki tano zimepita. Nimeliandika hili mara tatu nikalifuta.

## Nilichokisema

Kati ya wimbo wa tatu na wa nne mzee aliinama kukaza uzi wa zeze lake. Nilikuwa nimekaa hatua nne nyuma ya maiki, laptopu mapajani, hedifoni sikio moja. Rekodi ilikuwa inatembea. Huwa siizimi kati ya wimbo na wimbo, maana wazee wengine huanza bila kukuaga. Nikamwinamia dogo, nikamnong'oneza:

"Huyu mzee ameshaisha. Turekodi moja tu ya kumridhisha, tuondoke."

Nayaandika kama yalivyotoka. Nikiyalainisha hapa, basi bora nisingeandika kabisa.

Kichwani mwangu nilikuwa nyuma ya maiki, na nyuma ya maiki ni kama nyuma ya mgongo wa mtu: mahali ambapo wengi wetu huwa wakweli kupita kiasi. Maiki zote nilizokua nazo zina mgongo. Ile ya MC wa harusi, inayoangushwa, inayogongwagongwa "halo, halo", inayomwagikiwa soda na kesho yake ikaamkia kazini, ina mgongo. Kondensa yangu, ile maiki ya studio inayohitaji umeme ili ifanye kazi, pale Chuno ina mgongo pia: ukiwa kisogoni kwake unasikika kama jirani anayeongea ng'ambo ya ukuta.

Maiki ya utepe haina mgongo. Ina nyuso mbili.

Wimbo wa nne ulipoisha mzee akaomba asikie tulichokamata. Nikamvalisha hedifoni mwenyewe, kwa mikono yangu, nikarudisha rekodi nyuma hadi kabla kidogo ya mwanzo wa wimbo. Uso wake ulipobadilika nilidhani sauti imekuwa kubwa mno, nikapunguza.

Nilielewa alipouliza habari za kisogo.

## Nilijua

Ningekuwa sijui, ningejisamehe mapema. Lakini asubuhi ile ile nilikuwa nimemfundisha dogo somo hilo hilo, kwa majivuno.

Mwezi wa saba huku kwetu ni mwezi wa salfa. Mashine za kupulizia mikorosho huanza kunguruma alfajiri, upepo ungali umetulia na umande ungali majanini, na siku nyingine huendelea mpaka jua liwake. Tulipofika kijijini moja ilikuwa inafanya kazi shamba la pili, upande wa mashariki. Dogo akakata tamaa: "Bro, hapa haturekodi kitu." Nikatabasamu kama mganga. Nikaizungusha maiki mpaka ubavu wake ukaelekea shambani, nikamvalisha hedifoni. Mngurumo ukashuka. Haukuisha, maana sauti inayogonga ukuta na kurudi hupitia mlango mwingine, lakini ulishuka kiasi cha kufanya kazi.

Akanishangaa. Nikamchorea mchangani.

Ndani ya maiki hii hakuna vitu vingi. Kuna sumaku, na kati ya ncha zake upenyo mwembamba, na ndani ya upenyo umening'inizwa utepe wa alumini wenye unene wa mikroni 2 hadi 4 hivi. Unywele wa kichwani ni kama mikroni 70. Utepe umekunjwakunjwa mfano wa bati la migongo, bati la nyumba ya sisimizi, ili uwe mwepesi kuyumba. Sauti ikija, hewa inausukuma. Utepe ukiyumba katikati ya sumaku, umeme unazaliwa. Umeme wenyewe ni mdogo mno, kwa hiyo kuna transfoma ndogo inayoukuza kabla haujatoka.

Kinachofanya utepe uwe na nyuso mbili ni kwamba uko wazi pande zote. Hakuna kuta, hakuna kifuniko nyuma yake. Sauti ya mbele inausukuma kwenda nyuma, sauti ya nyuma inausukuma kuja mbele, kwa nguvu ile ile. Tofauti ni kwamba wimbi la nyuma linaingia kichwa chini miguu juu, jambo ambalo sikio halilitambui mpaka uchanganye na maiki nyingine. Sauti ya ubavuni inafika kwenye nyuso zote mbili kwa wakati mmoja, zinasukumana, utepe unabaki ulipo. Ukichora usikivu wake mchangani unapata tarakimu 8.

Si elimu mpya. Walter Schottky na Erwin Gerlach wa kampuni ya Siemens huko Ujerumani walilipata wazo la utepe mwaka 1924. Huko Marekani Harry Olson wa kampuni ya RCA akalifanya chombo cha kazi, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 maiki za namna hii zikaingia redioni. BBC nao wakawa na ya kwao mwaka 1934. Waigizaji wa michezo ya redio walizipenda kwa sababu hiyo ya nyuso mbili: walisimama wakitazamana, maiki katikati, kila mmoja ana upande wake. Aliyetakiwa aonekane anaondoka alisogea tu kuelekea ubavuni, na kwa msikilizaji nyumbani mtu huyo alikuwa ametoka mlangoni.

Haya yote nilimweleza dogo. Kisha nikachukua kigoda changu nikaenda kukaa kisogoni.

## Je, alisikia?

Kwa wiki mbili za mwanzo nilijiliwaza kwamba hakusikia.

Mzee ana umri wa kutosha. Shikamoo yangu ya kwanza ilimpita, niliirudia ndipo akaitikia marahaba. Tena nilinong'ona. Tena nilikuwa hatua nne. Huenda mkono ulichoka kweli. Kupiga zeze na kuimba juu yake si kazi ya kukaa. Huenda aliuliza habari za kisogo kwa udadisi tu, kama alivyouliza bei ya laptopu.

Usiku mmoja nikashindwa kulala, nikaenda studio nikafanya jaribio. Nikaisimamisha maiki katikati ya chumba, geini (kiwango cha kukuza sauti) ile ile ya siku ile, nikapima hatua nne nyuma yake, nikanong'ona sentensi ile ile. Mke wangu aliposikia asubuhi kwamba nilikuwa studio saa nane usiku nasema peke yangu "ameshaisha huyu mzee", aliuliza kama nina homa.

Nikavaa hedifoni.

Ilisikika kama mtu amekaa begani kwangu.

Sababu ni rahisi na nilipaswa kuifikiria. Zeze la uzi mmoja lina sauti ndogo. Maiki ya utepe nayo ni mvivu wa kutoa, inahitaji geini kubwa kuliko kondensa. Vikikutana viwili hivyo unapandisha kitufe cha geini mpaka mwisho wake, na kitufe hakijui mwimbaji ni nani. Kinapandisha zeze, kinapandisha kuku, kinapandisha kunong'ona kwako. Saundi kadi yangu, kile kifaa cha kuunganisha maiki na laptopu, inaishia kwenye desibeli 50 na ushee, niliimaliza yote.

Basi alisikia. Au angalau kilichoingia masikioni mwake kilikuwa wazi kabisa.

## Sikio langu

Kuna jambo la pili, na nadhani ndilo lililonifanya nisilale hasa.

Kwa nini nilisema ameshaisha?

Nilijiuliza hivyo siku ya jaribio, nikafungua faili la kijijini nikaanza mwanzo. Kule shambani sauti ya zeze ilinijia nzito na hafifu, kama imefunikwa blanketi. Hakuna mng'ao, hakuna ule mkwaruzo wa uta unaokusimamisha nywele. Nikahukumu kwamba mkono wa mzee umepungua, vidole havibani tena, uta unateleza.

Lakini miaka saba nimekaa na kondensa. Kondensa za bei yangu hung'arisha kila kitu: "s" inakatika kama wembe, sahani za ngoma zinamwagika, mwimbaji anasikika kama amepakwa mafuta. Sikio limezoea hayo, likadhani ndiyo ukweli. Maiki ya utepe huishusha sauti ile nyembamba ya juu taratibu, kwa asili yake. Wanaoipenda wanaipenda kwa hilo. Inatuliza vyombo vikali: tarumbeta, filimbi, zeze. Asiyeizoea husikia kiza.

Nikaongeza sauti nyembamba kwa ikwalaiza. Kidogo tu, kuanzia kilohezi 6 kwenda juu, desibeli 4 hivi. Kwenye kondensa ukifanya hivyo zeze litakutoboa. Kwenye utepe sauti inafunguka bila kuchubuka. Hilo nalo nilikuwa nimelisoma nikalipita. Nikapunguza besi iliyovimba, maana nilikuwa nimeisogeza maiki karibu mno, na utepe ukisogelewa huvimbisha besi kuliko maiki ya aina nyingine yoyote niliyowahi kushika.

Zeze likaamka.

Mkono wa mzee haukuwa umepungua popote. Wimbo wa tatu, ule ulionichosha, una kona moja ambapo uta unarudi nyuma kabla mwimbaji hajamaliza neno, zeze linammalizia. Wimbo wa nne, ule "wa kumridhisha", ndio wimbo bora nilioukamata tangu nianze kazi hii. Nausema hivyo na rekodi zangu nyingine zinajua.

Kilichokuwa kimeisha ni geini ya saundi kadi yangu na uvumilivu wangu.

Halafu ikaja ya kunitesa. Nikataka kuikata ile sentensi kabla faili halijafika kwa mtu mwingine. Nikaikuza kwenye skrini. Mzee hakusubiri nimalize kunong'ona. Neno "tuondoke" limelaliwa na mguno wa kwanza wa uta, vimeshikana. Nikikata langu nakata na lake. Nilijaribu kufifisha, nikajaribu kubandika mguno wa ubeti wa pili mahali pa ule wa kwanza. Kila mara wimbo ulianza kama mtu aliyesukumwa mlangoni.

Nikaliacha faili kama lilivyo.

## Soksi, sumaku na chumvi

Naomba nitoke kidogo kwenye aibu, nizungumze mambo ya kazi, maana najua wapo watu wa Masasi na Lindi wanaonisoma ambao wameanza kuziagiza maiki hizi tangu zianze kutengenezwa China kwa bei nafuu.

Pumzi ndiyo adui wa kwanza. Siku ile mzee alipoisogelea maiki mara ya kwanza alivuta pumzi apulize "puu, puu", kama anavyoona kwenye mikutano. Dogo alirusha kiganja katikati ya mdomo wa mzee na maiki. Fikiria: kijana wa miaka ishirini anamziba mdomo mtu wa rika la babu yake, mbele ya wajukuu. Tulicheka wote, lakini kiganja kile kiliokoa utepe. Ukipulizwa unavutika, na ukivutika haurudi; sauti inapungua, au utepe unagusa sumaku na kukwaruza. Mlango wa studio ukibamizwa ni pumzi pia. Ngoma yenye tundu chini hutema upepo kule chini, kwa hiyo sogea. Kipimo changu ni kiganja: kiweke mahali unapotaka maiki ikae, mwambie mtu apige au aimbe. Ukihisi upepo ngozini, hapo si mahali pake. Sogeza, au ipindishe kidogo ili upepo upite pembeni ya utepe.

Kusi likivuma huku kwetu, sirekodi nje. Hata kubeba maiki kutoka chumba hadi chumba naivalisha soksi kwanza. Soksi safi ya shule ya mwanangu, ndefu. Na inasafiri imesimama. Ikilazwa muda mrefu utepe unalegea kuelekea chini, kwa hiyo boksi lake nimeliandika JUU kwa makapeni, na kwenye pikipiki linakaa wima kifuani.

Kuhusu fantomu, zile volti 48 ambazo saundi kadi huzipeleka kwenye maiki kupitia waya wake, watu wanatishana sana. Waya ukiwa mzima, umeme ule unapanda miguu yote miwili, yaani nyuzi mbili za sauti zilizo ndani ya waya, sawasawa na transfoma haioni tofauti yoyote, utepe hautikisiki. Balaa ni waya mbovu wenye mguu mmoja uliogusana na ardhi, au kuchomeka na kuchomoa wakati fantomu imewashwa. Hapo mguu mmoja unatangulia, mkondo unapita, utepe unaruka. Saundi kadi yangu ina kitufe kimoja cha fantomu kwa njia zote mbili, kwa hiyo siku ya utepe kondensa inabaki nyumbani. Huo ni uoga, najua. Ila hapa Mtwara simjui fundi wa kuweka utepe mpya, na uoga ni rahisi kuliko kuutuma nje ya nchi. (Zipo maiki za utepe zenye priampu, yaani kikuza sauti, ndani, hizo zinaidai fantomu zenyewe. Soma karatasi ya maiki yako kabla hujaniamini mimi.)

Sumaku yake ni kali na haichagui. Jirani yangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Mara ya kwanza niliiweka maiki juu ya meza ya dirishani, asubuhi nikakuta manyoya ya chuma yameota kwenye wavu wake. Niliyatoa kwa gundi ya selotepu, kamoja kamoja, huku nimebana pumzi. Yakifika ndani ya upenyo hayatoki.

Na chumvi. Bahari yetu ni tamu kuitazama, lakini kila bati la Shangani hapa Mtwara linajua inachofanya. Alumini ya mikroni 2 haina cha kupoteza. Maiki inalala wima ndani ya ndoo yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Muuza viatu wa sokoni ananiwekea. Haulizi tena vya nini.

## Kurudi

Jumamosi iliyopita tulirudi. Kilo mbili za sukari, majani ya chai, mche wa sabuni. Nilikuwa nimenunua pia kikasha kinachokaa katikati ya waya na kuongeza geini, desibeli 20 na kitu. Chenyewe kinaila fantomu na hakiipitishi kwenda kwenye maiki. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nianze na samahani, au nisubiri aanze yeye? Na kama hakusikia, si nitakuwa nimemtukana mara ya pili, safari hii usoni?

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mara ya kwanza tu, bila kurudia.

Zeze lilikuwa linaning'inia kwenye nguzo ya kati ya banda, wima, limefunikwa kipande cha kanga kilichopauka. Uzi ulikuwa umelegezwa. Aliniona ninavyolitazama.

"Likilala linapinda shingo," alisema. "Na uzi ukikesha umekazwa unavuta ngozi." Ngozi yake ni ya kenge. Uzi siku hizi ni mshipi wa kuvulia samaki. Ujanani, alipokuwa kwenye mashamba ya mkonge kule Lindi, alisokota wa mkonge mwenyewe. Masika halitoki nje. Watoto hawaligusi.

Nikatoa maiki kwenye boksi, nikaivua soksi. Akacheka, akanyooshea kidole soksi, kisha kanga.

"Mzee, siku ile..."

"Ndani mna nini humo?"

Nikamulika kwa tochi ya simu kupitia wavu. Akasogea. Nilibana pumzi, lakini kabla hajafika karibu aliinua kiganja akajiziba mdomo mwenyewe, akatazama kwa jicho moja. Alikuwa anakumbuka kiganja cha dogo.

"Ni uzi," alisema nyuma ya kiganja.

"Ni uzi, mzee. Ila bapa."

"Umekazwa?"

"Umelegezwa makusudi. Ukikazwa, sauti nene inapotea."

Akageuza uso pembeni ndipo akashusha kiganja. "Basi huyu na mimi ni ndugu wasioelewana. Mimi nisipokaza sina sauti."

Nikamwekea wimbo wa nne kwenye spika ndogo. Nilitaka kuuanzisha baada ya maneno yangu. Kidole kikasita. Nikauanzisha kabla. Ilitoka yote pale bandani, mbele yake, mbele ya dogo, mbele ya mjukuu wake wa kike aliyekuwa anachambua mchicha: huyu mzee ameshaisha, turekodi moja tu ya kumridhisha. Halafu uta.

Tulisikiliza mpaka mwisho. Dogo alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Nisamehe, mzee."

"Nimesikia."

Akanyamaza kidogo, akawa anakaza uzi, anaupiga kwa ukucha, anakaza tena. Akasugua uta kwenye utomvu. Kisha, bila kuinua kichwa:

"Yale maneno unaweza kuyafuta?"

"Yameshikana na zeze, mzee. Nikiyafuta nafuta na lako."

"Usiyafute. Leo napiga zile sita zilizobaki. Nikimaliza, uyaseme tena."

Mjukuu alicheka kwa sauti. Mzee hakucheka.

Dogo akasimamisha stendi. Nikapima kiganja, nikaipindisha maiki kidogo, safari hii nikaiweka mbali zaidi, hatua moja na nusu, kwa vile kikasha kilikuwa kinatosha. Hakukuwa na salfa siku hiyo; mikorosho ilikuwa imeshaanza kutoa maua. Nikachukua kigoda changu.

"Ngoja," mzee alisema. "Wapi haisikii?"

Nikamwonyesha. Huku, na huku.

Akaweka zeze chini kwenye kanga, akainuka kwa kushika goti, akanipokonya kigoda, akaenda kukiweka mwenyewe ubavuni, akakikandamiza mchangani mpaka miguu ikazama.

"Kaa hapo."

Nikakaa. Sikumwambia kwamba ukuta wa udongo ulio mgongoni kwangu ungerudisha kidogo hata ya hapo. Nilifunga mdomo, na dogo akabonyeza.